Gari Lisilo na Roho

Wengi wanaoniletea magari huuliza jambo moja kabla hata hatujagusa bei: nikishamaliza, gari litakuwa lile lile au jingine? Mimi ni fundi wa faiba. Kazi nilijifunza Mombasa, kwenye boti, chini ya ami yangu. Leo nipo Southampton, Uingereza, natengeneza magari ya zamani ya bodi za faiba, yale yaliyouzwa vipande vipande ili mnunuzi akayaunge mwenyewe nyumbani. Hadi mwaka 1973 magari ya kuunga nyumbani hayakutozwa kodi ya ununuzi iliyotozwa magari mapya, ndiyo maana nchi hii ilijaa mengi.

Mojawapo, Nova, lilizaliwa mji huu huu. Nova ilichorwa na Richard Oakes ikaingia sokoni mwaka 1971. Haina milango: paa zima hunyanyuka kuelekea mbele, nawe unaingia kwa juu. Chini yake ni chasisi ya Volkswagen Beetle, injini ikiwa nyuma. Baadaye muundo wake ulitengenezwa Marekani kwa jina la Sterling, na Australia kwa jina la Purvis Eureka. Sasa niambie, ukiniletea gari la namna hii na kusema nilirudishe kwenye asili yake, asili hiyo ni ipi?

Sheria ya hapa ilikuwa na jibu lake. Kwa miaka mingi kanuni ya ofisi ya usajili wa magari ilikuwa kwamba gari la kuunga hubaki na namba yake ya zamani iwapo mwenyewe atathibitisha kuwa chasisi ni ya asili na haikukatwa, pamoja na sehemu nyingine kubwa mbili za asili, mathalani giaboksi na usukani. Bodi ya faiba haikuhesabiwa kitu. Nova hukaa juu ya chasisi nzima, basi iliweza kubaki na namba ya Beetle. Lakini Meyers Manx, gari dogo la mchangani alilobuni Bruce Meyers huko California mwaka 1964, huhitaji chasisi ifupishwe kwa zaidi ya sentimita 30. Kwa kanuni hiyo, ukishapitisha msumeno, haki ya namba ile ilikupotea.

Nilipoisoma kanuni hiyo akili yangu ilikwenda chuoni. Maalimu alitusomesha hadithi sahihi kwamba mwili wa mwanadamu huliwa wote na ardhi isipokuwa kifandugu, na kutokana na kifupa hicho ataundwa upya Siku ya Kiyama. Silinganishi maneno ya Mtume na kanuni ya serikali. Nasema tu kwamba swali ni la zamani, na waliotutangulia hawakulipita juu juu. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipowajibu wanafalsafa alieleza kuwa mtu ni mtu kwa nafsi yake, si kwa nyama yake. Mwili wa mtoto hubadilika kwa chakula mpaka uzeeni, na mwenyewe akabaki yule yule.

Hapo ndipo penye uzito kwangu, maana gari halina nafsi. Wapenzi wa magari husema magari yao yana roho. Sikubaliani nao, hata kama nawapenda kwa mapenzi yao. Roho ni jambo la Mola. Gari ni resini, nyuzi za kioo, chuma na mpira, na ndani yake hakuna kinachokumbuka jana. Wanaokumbuka ni watu: aliyelichora, aliyeliunga, aliyeliendesha, aliyeliandikia hati. Gari halijishuhudii, hushuhudiwa. Ikiwa hivyo ndivyo, kubadilisha kipande hakuliui. Kinacholiua ni ushahidi wa uongo.

Chukua ufa. Jelikoti, yaani tabaka la juu la bodi ya faiba, ikifika miaka hamsini hutoa nyufa nyembamba zinazotawanyika kutoka sehemu moja, mara nyingi pale bodi ilipogongwa au ilipobanwa na bolti. Njia ya mkato ni puti, msasa na rangi. Gari litang'aa siku ya kuuzwa, lakini jua na mtikisiko wa barabara vitaurudisha ufa pale pale. Njia ya haki ni kuufungua kwa grainda mpaka ufike kwenye nyuzi nzima, kuzilaza kingo kwa mteremko mrefu, kusafisha vumbi lote, kisha kulaza mati ya nyuzi za kioo tabaka juu ya tabaka, ukiikandamiza kwa rola mpaka kila kiputo cha hewa kitoke. Baada ya muda ukiweka kiganja karibu utasikia joto: resini inakaza. Siwezi kuchanganya puti bila kumkumbuka Mtume sokoni, alipoingiza mkono katika chungu ya nafaka, vidole vikakuta unyevu, akamuuliza muuzaji kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa watu waione.

Kwa hiyo kuunda upya sioni kuwa ni khiyana, na kwa magari haya hata kidogo. Oakes alichora, kalibu ikatoa bodi, lakini viti gani, taa gani, dashibodi ikatwe wapi, yote aliachiwa mtu na banda lake. Gari lilitoka kwa mchoraji likiwa halijakamilika, na alilitaka hivyo. Vivyo hivyo kampuni ya Manx, baada ya Meyers kuiuza mwaka 2020, ilitangaza gari jipya la umeme na kuliita 2.0. Hawakumdanganya mtu, na naiheshimu kazi yao.

Nova iliyopo karakanani sasa ni ya mama mmoja ambaye marehemu mumewe aliiunga miaka ya sabini. Joto ndani ya paa lile ni adha, basi natengeneza kalibu ya paa jipya lenye madirisha ya pembeni yanayofunguka. Dashibodi siigusi. Tundu la spidomita alilikata kwa msumeno wa mkono, si duara kamili, na alama za tupa bado zipo ukingoni. Kwa nyuma, kwenye faiba isiyolainishwa, aliandika vipimo kwa penseli, akavikata, akaandika vingine. Mama aliniomba niviache. Hata asingeomba, ningeviacha.

Paa la zamani litarudi kwake pamoja na gari. Nitampa na karatasi inayotaja kipi kilitoka kwenye kalibu ya zamani, kipi cha mumewe, kipi changu na tarehe yake. Nawe msomaji, ukitaka kununua gari la aina hii, idai karatasi kama hiyo kwanza ndipo utoe pesa. Fundi akikataa kuiandika, tafuta mwingine.