Kabla Hujaingia Chumba cha Mtihani

Oktoba 2022 yalitoka matokeo ya Shule ya Sheria Tanzania, na nchi ikashtuka. Kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu. Wengine 342 walipata sapu, yaani walitakiwa kurudia baadhi ya masomo, na 265 wakadisko, yaani waliondolewa masomoni. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Dkt. Damas Ndumbaro, aliunda kamati ya watu saba chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe ili ichunguze kulikoni.

Lawama zilikuwa nyingi. Kuna walioilaumu shule yenyewe, kuna walioviona vyuo vikuu ndivyo vyenye kosa, na kuna waliosema tatizo ni Kiingereza. Sitaamua ugomvi huo hapa. Ninataka kuzungumza na kijana wa Tarime au Serengeti aliyesoma sheria, pamoja na wazazi wake, kwa sababu siamini kwamba wote walioanguka mwaka ule walishtukizwa. Mtu huwa anajua. Wiki kadhaa kabla ya mtihani moyo wake unamwambia kwamba hajawa tayari, naye anaunyamazisha.

Shule hii iliundwa kwa sheria ya mwaka 2007, na kila mwenye shahada anayetaka kuwa wakili sharti aipitie. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, huwapa mtihani wanaoomba kusoma shahada ya sheria kabla hawajaingia darasani. Anayeshindwa pale anarudi nyumbani akiwa hajapoteza karo ya muhula hata mmoja. Kwa wale 633, shahada ndiyo iliyowafungulia mlango. Mchujo waliukuta ndani, wakati ada imeshalipwa na chumba kimeshapangwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwetu Tarime na Serengeti.

Na umbali huo una uzito wake. Kijana wa Nyamongo au Mugumu hafiki Dar es Salaam peke yake. Nyuma yake kuna ng'ombe waliouzwa, kahawa au ndizi za shamba la mama, na mjomba aliyechangia nauli. Kijijini wameshaanza kumwita wakili. Katika hali hiyo, kumpigia baba simu na kumwambia, "Baba, naomba niahirishe mtihani," ni kazi ngumu kuliko mtihani wenyewe. Hata mimi ninayeandika haya sijui kama ningeipata nguvu hiyo. Wengi wetu tungeona afadhali kuingia na kubahatisha, tusionekane waoga.

Lakini dalili za kutokuwa tayari huwa zipo. Ya kwanza, na ndiyo ninayoihofia kuliko zote, ni kusoma kwa madesa, yaani maelezo na majibu yaliyoandikwa na wengine, peke yake. Mwanafunzi ana rundo la madesa ya waliomtangulia, ameyapigia mistari kwa rangi tatu, lakini hajawahi kukaa mezani na kuandika hati ya madai au kiapo kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, bila kuchungulia, huku saa inakwenda. Kusoma jibu la mwenzako hukupa raha ya kudhani kwamba nawe ungeliandika. Na shule hii inafundisha kazi ya mikono: kuandaa nyaraka, kuhoji shahidi, kujenga hoja. Lugha nayo ina sehemu yake. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, lakini sheria yenyewe vyuoni inafundishwa kwa Kiingereza. Ukiona kila swali unalisoma mara nne ndipo ulielewe, hiyo ni dalili, usijifariji kwamba siku ya mtihani itakuwa tofauti.

Dalili nyingine hazihusu vitabu kabisa. Malaria iliyokulaza wiki mbili. Msiba uliokurudisha Tarime katikati ya masomo. Ada iliyobaki inayokukosesha usingizi. Mambo haya tunayaita mitihani ya maisha na tunaambiana tujikaze, kumbe taratibu za kuahirisha ziliwekwa kwa ajili yake.

Marekani, anayefanya mtihani wa kuingia vyuo vya sheria, LSAT, anaweza kuomba alama zake zifutwe ndani ya siku chache baada ya kuufanya, ingawa haruhusiwi kuufanya zaidi ya mara saba maishani. Kwetu ukishafanya, umefanya. Kwa hiyo uamuzi wa kuahirisha ni wa kabla, tena kwa maandishi. Nenda kwa msajili na barua, ambatisha cheti cha hospitali au ushahidi mwingine, subiri kibali, tunza nakala. Kutoonekana tu siku ya mtihani ni jambo jingine kabisa. Kwa kanuni za vyuo vingi, asiyefika bila ruhusa huhesabiwa ameshindwa.

Simwambii kila mwenye hofu aahirishe. Hofu anayo hata aliyejiandaa vizuri. Jipime kwa kazi: chukua mtihani wa zamani, ujifungie, uandike kwa muda uliopangwa, kisha umpe mtu asiyekuonea haya asahihishe. Karatasi hiyo itakupa jibu.

Na mwaka wa kusubiri haupotei kwa anayeutumia. Mahakama ya Wilaya Serengeti, pale Mugumu, husikiliza kesi za walioshtakiwa kuingia hifadhini bila kibali au kukutwa na nyara za Serikali. Tarime kuna migogoro ya ardhi isiyokwisha. Kaa nyuma ya mahakama, sikiliza mawakili wanavyohoji, kisha nenda nyumbani ukaandike hati ile ile kwa mkono wako. Wapo pia wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, nao wana kazi nyingi kuliko watu.

Nawe mzazi, nina ombi. Mwanao akikupigia simu wiki mbili kabla ya mtihani na sauti yake imepoa, usikimbilie kumwambia ajikaze. Muulize kwanza kama ameugua, kama ada imekamilika, na lini mara ya mwisho aliandika jibu zima bila kuangalia madesa. Kisha msikilize mpaka amalize.