Anga Halina Mpaka

Shamba lina mpaka, na nchi ina mpaka, lakini anga halina mpaka. Moshi hauulizwi cheti uvukapo nchi, wala jua halichagui ngozi ya kuunguza. Kwa hiyo, ewe msomaji, liko swali limpasalo kila raia kulifikiri: Je, ni wajibu wetu kuondoa uharibifu ambao si sisi tulioufanya?

Swali hili limepata kujibiwa kwa vitendo. Juu sana angani kuna hewa iitwayo ozoni, ambayo huikinga dunia na miale mikali ya jua, iletayo saratani ya ngozi na kudhuru macho na mimea. Mwaka 1974 wataalamu wawili, Mario Molina na Sherwood Rowland, walionya kwamba gesi zilizotumiwa katika majokofu na mikebe ya kupulizia marashi zaweza kuila kinga hiyo. Mwaka 1985 wataalamu wa Uingereza walitangaza kuwa ozoni imepungua mno juu ya Antaktika.

Nchi tajiri ndizo zilizotumia sehemu kubwa ya gesi hizo. Nyingi za nchi maskini zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kununua majokofu. Kuziamuru zote ziache siku moja kungalikuwa usawa usio na haki. Kuziacha maskini zifanye zipendavyo kungalikuwa huruma yenye maangamizi, maana chombo kikitoboka, aliyetoboa na asiyetoboa huzama pamoja.

Mostafa Tolba wa Misri, aliyeongoza Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, aliwasihi wajumbe mpaka wakapatana. Mkataba ulitiwa sahihi Montreal, tarehe 16 Septemba 1987. Nchi tajiri zilitangulia kupunguza. Maskini zikapewa muhula wa miaka 10, na mwaka 1990, mjini London, ukakubaliwa mfuko wa kuzisaidia kubadili mitambo yao. Kufikia mwaka 2009 nchi zote za Umoja wa Mataifa zilikuwa zimeuridhia. Kinga hiyo sasa inapona polepole, kwa kuwa gesi hizo hukaa angani miaka mingi.

Basi, msomaji, uonapo uharibifu, uliza maswali mawili. La kwanza, nani aliyeharibu? Jibu lake litakuonyesha nani abebe mzigo mzito zaidi. La pili, nani yumo chomboni? Jibu lake halitamwacha mtu yeyote mikono mitupu.