Bei ya Jabali

Msafiri aingiaye Singida kwa barabara itokayo Dodoma hulakiwa na mawe kabla hajaona nyumba wala kusikia adhana au kengele; nayo si changarawe za njiani, bali ni majabali makubwa ya matale yaliyokaa moja juu ya jingine kwa mizani ambayo hakuna fundi angethubutu kuijaribu, mengine yameinamiana kana kwamba yananong'onezana, mengine yamepasuka kati kwa jua la mchana na baridi ya usiku tangu zama zisizo na hesabu. Nyuma ya mawe hayo yapo maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singida na Kindai, na juu ya yote upo upepo ambao wenyeji wamekwisha kuuzoea hata husikia kimya pale tu unapotulia. Katika mji huu anaishi mama mmoja ambaye riziki yake hutoka katika cherehani, na ambaye kwa miaka kadhaa, watoto wakishalala, amekuwa akiyasawiri mawe hayo na maji hayo juu ya vipande vya mbao za dari vilivyobaki kwa mafundi wa ujenzi, kwa rangi ya mafuta inunuliwayo kopo dogo dogo katika duka la misumari na saruji. Hakufundishwa na mtu, na hakuwahi kukanyaga chuo cha sanaa.

Mwanzo aligawa. Jirani aliyejifungua alipewa picha, mwalimu aliyehamishwa alipewa picha, bibi arusi alibebeshwa picha pamoja na vyombo vyake. Na kila aliyepewa alisema ni nzuri mno, kwa kuwa mtu mwenye murua hapokei hidaya huku akiitia kasoro. Kisha rangi ikapanda bei, mahitaji ya shule yakawa hayangoji, akaazimu kuuza. Na kabla hajatandaza turubai lake mahali popote, alikwenda, kama ipasavyo mtu aliyelelewa, kuwaeleza azma yake watu wawili awaheshimuo kuliko wote: mjomba wake, Mwislamu mcha Mungu, na mama mkwe wake, Mlutheri aliyekulia Kiomboi katika nchi ya Iramba. Nyumba zetu za bara ya kati aghalabu zimechanganyika hivi, na swali moja la dini huweza kuulizwa kwa lugha mbili katika sebule moja.

Mjomba hakuuliza habari ya bei. Aliuliza habari ya sura yenyewe. Alimkumbusha hadithi ya Mtume isemayo kwamba wenye kutengeneza sura wataambiwa siku ya Kiyama wazitie uhai walizoziumba, nao hawataweza; kwa maana Al-Musawwir, Mwenye kuvipa viumbe sura, ni jina mojawapo katika majina mazuri ya Mwenyezi Mungu, na mja hana budi kuogopa kulijongelea jina hilo kwa kiburi. Walakini mzee huyo ni mwadilifu, naye hakulificha lile limpalo nduguye nafasi: alisimulia pia habari ya mtu aliyemwendea Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, akamwambia kwamba maisha yake yote yategemea kazi ya mikono yake katika kutengeneza sura, naye akaelekezwa kwenye miti na kila kitu kisicho na roho. Tangu siku hiyo yule mama hakusawiri insi wala mnyama. Ziwa Kindai katika picha zake halina ndege hata mmoja, ilhali ziwa lenyewe hutembelewa na heroe na mwari. Na mimi niliyeziona picha hizo nakiri kwamba sikuona upungufu, bali niliona maji yaliyotulia kama mahali ambapo mtu ameondoka sasa hivi, au anangojewa.

Swali la mama mkwe lilikuwa zito zaidi, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Alisema, "Mwanangu, kipawa hiki ulikinunua kwa nani hata leo ukiuze?" Alikuwa na lile agizo la Injili lihusulo kutoa bure kile ambacho mtu amekipata bure, lililomo katika sura ya 10 ya Mathayo; na mkwewe, ambaye hana mazoea ya kubishana na wazee, alinyamaza, akarudi kwake, na kwa muda wa miezi miwili brashi zilikauka ndani ya kopo.

Nimelifikiri swali hilo kwa taadhima, kwa sababu halikutoka katika husuda bali katika dhamiri. Kwanza niliirudia sura yenyewe, nikaona kwamba agizo lile waliambiwa watu waliotumwa kuponya wagonjwa na kuhubiri, na kwamba aya mbili tu mbele yake, kwa kinywa kile kile, imekiriwa kuwa mtu afanyaye kazi hanyimwi chakula chake. Niliufungua na ule ukurasa wa Kutoka, sura ya 31, ambamo Besaleli mwana wa Uri hujazwa Roho wa Mungu, si ili atabiri wala apigane vita, bali ili afue dhahabu, achonge mbao na kukata vito. Na nikazingatia kwamba Waislamu nao husimulia jinsi Nabii Daudi, ambaye chuma kililainishwa mikononi mwake, alivyokula kwa jasho la kazi yake ingawa alikuwa mfalme. Dini hizi mbili, basi, haziutazami mkono wenye ustadi kwa jicho baya, wala ujira wake.

Na tazama mrina asali wa Itigi. Utamu haukutoka kwake. Hakuyachanua maua ya porini, hakumwamuru nyuki, wala hajui siri ya lile linalotendeka gizani ndani ya mzinga. Hata hivyo hakuna amwulizaye aliununua utamu kwa nani. Watu humwuliza lita ni kiasi gani, kwa maana ni yeye aliyeupandisha mzinga mtini, akaungoja msimu, akaenda usiku na moshi na kurudi na miiba ya nyuki usoni. Bei ya asali ni bei ya njia iliyotembewa, na bei ya picha kadhalika: ni mbao, ni rangi, ni usiku usiolalwa, ni macho yanayouma kwa mwanga wa taa ndogo. Basari iliyoliona jabali likigeuka rangi ya shaba saa kumi na mbili jioni haikuuzwa. Imebaki kwake nzima baada ya mbao kwenda na mnunuzi, na kesho yake huona tena.

Lakini mfano wa asali haufiki mwisho wa njia, na nisingependa kumdanganya msomaji kwa kujifanya umefika. Aliyekataliwa asali yake hajeruhiki. Atasema mteja hana fedha, au amekwisha kula. Aliyekataliwa picha hujiona amekataliwa macho yake, na hapo ndipo nilipotambua kwamba miezi ile miwili ya brashi kukauka haikuwa ya Injili peke yake. Palikuwa na haya ndani yake, na haya ile ilikuwa imepata vazi la heshima katika maneno ya mama mkwe. Ni rahisi kugawa. Mgawaji huonekana karimu, na tena amelindwa, kwa kuwa hidaya humfunga mpokeaji ulimi. Jirani aliyepewa jabali juu ya mbao hana uhuru wa kusema kwamba jabali limepinda. Lakini mtu aliyetajiwa bei amefunguliwa. Anaweza kusema sitaki, anaweza kusema ghali, anaweza kuondoka bila kuvunja udugu, na kwa hiyo akisema nataka, neno lake lina uzito ambao sifa mia za majirani hazina. Naamini, na nalisema hili kwa moyo wote, kwamba mwanamke yule alipoogopa kuuza alikuwa akimnyima jirani yake haki ya kumwambia ukweli.

Upande wa pili upo mtego wa kweli, nao hauko katika fedha iingiayo mkononi, bali katika fedha iingiayo machoni. Alipoanza kutandaza picha zake karibu na stendi ya Misuna, ambako mabasi ya Dar es Salaam na Mwanza hupumzika na wachuuzi huinua kuku wa kienyeji, asali na vitunguu mpaka madirishani, hazikupita siku tatu kabla mtu mwenye nia njema hajamshauri achore tembo, twiga na Mlima Kilimanjaro wenye theluji, kwa maana ndivyo vinavyonunuliwa. Mshauri hakusema uongo. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kuchora juu ya vipande vya mbao za dari kwa rangi ya baiskeli, akauza nje ya Morogoro Stores pale Oysterbay, Dar es Salaam. Na baada ya kufa kwake mwaka 1972, akiwa kijana bado, wanafunzi na jamaa zake waliendelea, na mtindo ule umelisha nyumba nyingi hadi leo. Siwezi kudharau chungu kilichoiva kwa kazi hiyo. Ila Tingatinga mwenyewe hakupata mtindo wa kuufuata. Alitazama, akajaribu, na vile vipande vya mbao vilikuwa vyake. Anayemchora tembo wa Tingatinga kwa sababu tembo hununuliwa, ilhali mlangoni pake yapo majabali ambayo hajamaliza kuyatazama, anauza kitu ambacho hakukipokea, na kwake swali la mama mkwe lina makali yote: ulikipata kwa nani?

Elimo Njau, mtoto wa Marangu aliyechora kuta za kanisa la Murang'a katika miaka ya 1950 na ambaye mwaka 1965 alishiriki kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa mjini Nairobi, ana fikira mashuhuri kwamba kuiga humlaza Mungu usingizi. Nimekuwa nikiitafakari fikira hiyo kama mtu atafunavyo mzizi wa dawa. Palepale Paa ya Paa alifikia Rosemary Karuga, aliyekuwa amesoma sanaa Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1950, akafundisha shule miaka mingi pasipo kuwa na wasaa wa kazi yake mwenyewe, na uzeeni, kwa kukosa fedha ya rangi, akachukua karatasi za pakiti za unga na za sabuni, akazichana vipande vidogo na kuvigandisha kuwa watu, kuku na mashamba. Alifariki mwaka 2021, na leo hakuna asimuliaye habari ya wachoraji wanawake wa Afrika Mashariki akamruka. Mtu anaweza kuuliza bei ya pakiti ya unga iliyokwisha kutumika. Jibu ni kwamba haina bei. Na bado kazi zake zilinunuliwa, na ilikuwa haki zinunuliwe.

Na wako wengine, wa kale mno, ambao hawakuuza kitu. Kule Kondoa, ambako michoro ya miambani iliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya urithi wa dunia, na hata katika majabali ya Iramba na Isanzu ndani ya mkoa huu, ambayo Profesa Fidelis Masao aliyaingiza katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1979, iko mikono iliyopaka rangi nyekundu juu ya jiwe na kutuachia twiga, swala na watu warefu wembamba, bila jina na bila bei. Ningependa kusema kwamba hao walitoa bure, lakini sina hakika kama neno hilo lawafaa. Mahali pengine pa Kondoa watu bado hupanda na matambiko yao kuomba mvua na afya, na anayepanda huko hapandi mikono mitupu. Pengine hata jiwe lililochorwa humtaka mtazamaji alete kitu.

Yule mama aliendelea kwenda stendi. Miongoni mwa waliosimama mbele ya turubai lake alikuwa mzee mmoja mfugaji, mwenye fimbo na koti zito, ambaye aliitazama picha moja muda mrefu hata basi alilolishukia likaondoka. Yule mama alimwamkia, "Shikamoo, baba," naye akaitika marahaba bila kuyaondoa macho kwenye mbao. Kisha akasema, "Binti yangu, jiwe hili nalijua. Nilichunga mbuzi chini yake nikiwa mtoto. Ufa wake hauko hapa ulipouweka; uko upande wa mawio." Akashika fimbo yake akaenda, hakununua.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, mama mkwe alishangaa kumwona mkwewe akivaa viatu vya shamba. Alikwenda kwa miguu hadi kwenye lile jabali, akalizunguka, akaukuta ufa mahali pale pale mzee alipousema, mrefu kuliko alivyodhani, na ndani yake umeota mti mdogo. Alikuwa amelichora mara nne kwa kulitazama kutoka barabarani. Wiki tatu alilichora upya, usiku kwa usiku, na mama mkwe, ambaye hajasema kama swali lake limejibiwa, alikuwa ndiye aliyeshika taa.

Mwezi wa Machi yule mzee alipita tena. Aliutafuta ufa kwa kidole, akaukuta, akauliza bei. Naye akatajiwa shilingi 20,000, ile ile waliyotajiwa abiria wa mabasi, kwa sauti isiyotetemeka. Mzee hakuomba apunguziwe. Alitoa shilingi 10,000, akasema zilizobaki ataleta alizeti ikishakamuliwa, akaifunga mbao kwa kanga na kuondoka nayo kwapani. Ninapoandika haya ni Aprili, mashamba ya upande wa Ilongero yamekuwa manjano mpaka penye miguu ya mawe, na mavuno bado.