Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 17: Mwanafunzi Asiyeomba



Ndugu yangu, leo ni tarehe 17 Ramadhani. Kila mwaka tukifika siku hii masheikh wetu hutukumbusha Badr: mwaka wa 2 Hijria, Waislamu waliozidi kidogo 300 mbele ya jeshi la karibu watu 1,000, na Allah akawapa nusra. Leo hebu tusogee mbele kidogo, tuangalie kilichotokea vita vilipokwisha.

Walikamatwa mateka wapatao 70. Wenye mali walijikomboa kwa mali. Lakini wapo waliokuwa hawana kitu ila wanajua kuandika, na imepokewa kwamba Mtume ﷺ aliifanya fidia yao iwe kuwafundisha watoto wa Ansari. Wale mateka wangeweza kupelekwa mashambani wakachota maji na kuhudumia mitende. Mtume ﷺ akaona mtoto anayejua kuandika ana faida kubwa zaidi. Na imetajwa kwamba Zayd bin Thabit, Allah amridhie, ni mmoja wa waliojifunza kwa njia hiyo. Huyo ndiye kijana ambaye baadaye Abubakar alimkabidhi kazi ya kuikusanya Qur'ani.

Basi ukisikia mtu anasema kumsomesha mtoto wa mwenzio ni mambo ya wazungu na taasisi kubwa, mwambie lilifanyika Madina, katika njaa, baada ya Badr.

*Maktaba ya chumba kimoja*

Mtaani kwetu tuna maktaba. Usifikirie jengo kubwa. Ni chumba kimoja, rafu tano, meza mbili ndefu na taa nzuri. Kikundi kinachoiendesha ni akina mama wauza vitafunwa, walimu wastaafu na vijana wachache. Kila mwaka tunachanga, na mwisho wa mwaka wa masomo tunawashika mkono wahitimu wawili au watatu wa kidato cha sita.

Utauliza, si elimu ni bure? Ni kweli, na tumshukuru Allah kwa hilo. Shule za sekondari za umma zilifutiwa ada hadi kidato cha nne tangu 2016, na mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita vikafuata. Shida inahamia mbele. Mtoto anafanya mtihani Mei, matokeo mazuri yanatoka, chuo anapata, mkopo wa Bodi anapata wote au nusu. Halafu inabaki nauli ya kutoka mkoa hadi mkoa, godoro, malipo ya mwanzo ambayo mkopo haujayagusa, na chakula cha wiki za kwanza kabla hela haijaingia. Kwa mwenye nazo ni kitu kidogo. Kwa asiye nazo, ndipo safari ya miaka 13 inapokatikia, mlangoni kabisa.

Sasa nikwambie kosa letu. Nasema letu kwa sababu na mimi nilikuwa kwenye kamati.

Tulitengeneza fomu. Fomu ilimtaka mwanafunzi aeleze hali ya nyumbani kwao: baba yuko wapi, mama anafanya nini, mnakula mara ngapi. Alete barua ya serikali ya mtaa. Na siku ya kukabidhiwa asimame mbele ya wageni, atoe historia yake, apigwe picha na bahasha. Tulidhani tumefanya jambo la maana. Wafadhili wanataka kuona, tulisema.

Kulikuwa na binti mmoja. Kila jioni yuko maktaba hadi taa izimwe. Jumamosi anawafundisha watoto wadogo kusoma, hakuna aliyemtuma. Kama kuna mtu aliyestahili, ni yeye. Akachukua fomu, hakuirudisha. Sisi tukasema, basi huenda kwao wana uwezo. Tukawapa wengine, tukapiga picha, tukala pilau.

Mwaka uliofuata nikamkuta kwenye kibanda cha kutoa na kuweka pesa. "Shikamoo mwalimu." Marahaba, binti yangu, mbona huku, chuo vipi? Akanyamaza. Kumbe chuo alipata, akakosa cha kumfikisha. Nikamuuliza, na ile fomu yetu? Akasema kwa adabu, huku ananihesabia chenji: "Mwalimu, ile ilisema nisimame niseme tunavyoishi. Na mama angekuwa amekaa pale."

Ndugu yangu, nilitoka pale miguu mizito.

(Nimemuomba ruhusa kusimulia haya. Amenipa kwa sharti kwamba asijulikane. Kwa hiyo usiniulize ni nani, wala aliishia wapi. Hilo ni lake.)

*Allah alishawataja*

Nikarudi nyumbani nikafungua Surat Al-Baqara, aya ya 273. Tumeisoma mara ngapi? Allah anatutajia mafakiri ambao asiyewajua huwadhania ni matajiri kwa sababu ya kujizuia kwao. Hawang'ang'anii watu kwa kuomba. Na anatwambia kwamba watu hao hutambulikana kwa alama zao. Maana yake kazi ya kuwatambua ni yako wewe mwenye kutoa.

Wafasiri wamewataja hapa Ahlu Suffa, wale masahaba maskini waliokaa msikitini kwa Mtume ﷺ wakisoma. Wanafunzi! Na mmoja wao, Abu Hurayra, kisa chake kimo katika Bukhari. Alikuwa na njaa hadi amefunga jiwe tumboni. Akakaa njiani. Akapita Abubakar, akamuuliza kuhusu aya. Aya alikuwa anaijua. Alitaka tu akaribishwe nyumbani. Abubakar akapita. Akaja Umar, ikawa vile vile. Kisha akaja Mtume ﷺ, akamtazama, akatabasamu, akajua kilichomo. Akaenda naye nyumbani, likapatikana bakuli la maziwa, wakaitwa Ahlu Suffa wote wakanywa wakashiba, kisha Abu Hurayra, na Mtume ﷺ akanywa wa mwisho.

Tazama hapo. Abubakar na Umar ndio wabora wa umma huu baada ya Mtume wake, na walisikia swali tu. Mtume ﷺ aliusoma uso. Wala hakumwambia kwanza eleza unavyoteseka.

Na imesimuliwa kwamba Imamu Abu Hanifa alikuwa na mwanafunzi maskini ambaye kwao walitaka aache darasa akatafute riziki. Imamu akaona amepotea, akamuuliza, kisha watu walipoondoka akampa mfuko wa dirhamu 100. Zikikaribia kwisha anampa nyingine, bila ya kuambiwa zimekwisha. Mwanafunzi huyo ni Abu Yusuf, aliyekuja kuwa kadhi mkuu zama za Harun al-Rashid. Wangapi wetu tumemkosa Abu Yusuf wetu kwa sababu ya fomu?

*"Lakini mfadhili anataka ushahidi"*

Ni kweli, pesa za watu ni amana. Lakini soma aya ya 271 ya sura hiyo hiyo: kuzidhihirisha sadaka ni vizuri, na kuwapa mafakiri kwa siri ni bora zaidi kwenu. Yote mawili yana nafasi. Hesabu idhihirishwe: kimeingia kiasi gani, kimelipwa chuo kiasi gani, wanafunzi wangapi. Ibandike mlangoni hata kila mwezi. Sura ya mtoto isitirike. Na aya ya 264 inatuonya tusizibatilishe sadaka zetu kwa masimbulizi na udhia. Picha ile ukutani, mtoto ameshika bahasha na macho chini, ikikaa miaka kumi, hiyo si masimbulizi ya kila siku?

Sisi tulibadilisha. Fomu ya maelezo tumeifuta. Walimu na mkutubi wanatupa majina, watu wawili wenye siri wanakwenda nyumbani kama wageni wa kawaida, malipo yanakwenda chuoni moja kwa moja, na nauli anapewa mkononi. Pilau tunakula bado, lakini tunawasherehekea wahitimu wote, aliyepewa na asiyepewa, na hakuna anayejua nani ni nani.

*Kabla ya tarawehe leo*

1. Kama una zaka, mwanafunzi fakiri au maskini ni miongoni mwa wanaostahiki. Lakini kumbuka, kwa kauli ya wanazuoni wengi zaka humilikishwa mtu. Vitabu na rafu vitolee sadaka, navyo inshallah ni sadaka jariya. Ukiwa na shaka muulize sheikh wako.

2. Mfikirie kijana mmoja wa kidato cha sita mtaani kwako. Mtihani wake uko karibu. Asikwambie kitu, wewe mtazame. Anafturu nini? Anasomea wapi usiku?

3. Kama uko kwenye kamati yoyote, ya msikiti, madrasa au maktaba, ichukue fomu yenu uisome kana kwamba anayeijaza ni mwanao, na wewe ndiye uliyekaa kwenye kiti cha mbele siku anaposimama kuisoma.

Ewe Mola wetu, tupe macho ya kuwaona wasioomba. Tusamehe tuliowavunja nyoyo tukidhani tunawasaidia. Wafungulie vijana wetu milango ya elimu yenye manufaa, na utukubalie funga zetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Mtumie na mwenzio, huenda yeye ndiye mwenye ile fomu.