Jani la Mahindi Linyaukapo



Nabii Isaya, katika sura ya 64, atufananisha na jani linyaukalo. Naye mwenye Zaburi ya 92 asema juu ya wenye haki ya kuwa hata katika uzee wao hawaachi kuzaa matunda. Wengi wetu tumezoea kuyasoma maneno hayo mawili kana kwamba yapingana: la kwanza kaburini, la pili siku ya kuwaheshimu wazee. Leo twataka tuingie shambani, tulitazame jani lenyewe.

Mahindi yakiisha kutoa mbelewele, na gunzi likianza kujaa punje, majani ya chini hugeuka rangi ya manjano, kisha hukauka. Mtu apitaye njiani husema, "Limekufa." Hakulitazama sawasawa. Jani lile lilikuwa kazini.

Kila jani limejengwa kwa chembe hai ndogo mno, zisizoonekana kwa macho matupu, ziitwazo seli. Ndani ya seli mna vyumba vidogo vya kijani, ambamo chakula cha mmea hutengenezwa kwa mwanga wa jua. Humo ndimo iliyowekwa sehemu kubwa ya naitrojeni ya jani zima, nayo punje haiwezi kujengwa bila naitrojeni. Basi uzee wa jani ukifika, seli huanza kujibomoa kwa utaratibu. Hufunga vipande vyake vya ndani katika vifuko vyembamba, huvipeleka katika kifuko kikubwa kilicho katikati yake, na humo huyeyushwa. Yaliyoyeyuka husafirishwa kwa mirija ya mmea mpaka kwenye gunzi. Kiini cha seli, na viungo viipavyo nguvu, havibomolewi mapema. Huachwa mpaka karibu na mwisho, kwani pasipo hivyo kazi ya kutoa ingefanywa na nani?

Wataalamu huiita kazi hiyo autofajia, neno lililotoka katika Kiyunani, maana yake kujila mwenyewe. Christian de Duve wa Ubelgiji ndiye aliyelitoa jina hilo, mwaka 1963. Baadaye Yoshinori Ohsumi wa Japani aliichunguza katika hamira, ile ile iumuayo mkate. Aliinyima chakula, akaona kwa darubini kifuko kile kikubwa kikijaa vifuko vidogo vilivyobeba vitu vya seli yenyewe. Naye akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2016. (Bwana wetu naye alichukua chachu kuwa mfano, tusikidharau kitu cha jikoni.) Tena mwaka 2015 wachunguzi wa Marekani walitoa habari za mahindi yasiyoweza kufanya autofajia. Majani yake yalizeeka kabla ya wakati, magunzi yakadumaa, mavuno yakapungua. Tazameni: jani lililoshindwa kutoa halikudumu zaidi kwa kuvishika vyake.

Hapo twawakumbuka wazee wetu. Yuko mzee wa kanisa ajuaye mipaka ya kiwanja, na majina ya waliobatizwa kwanza, na sauti za nyimbo zisizoandikwa popote. Lakini hakumfundisha mtu, kwa kuwa aogopa kwamba siku atakapomwambia kijana yote, hataitwa tena barazani. Hofu hiyo twaijua. Sisi tuandikao tunayo pia. Ni tamu kuwa mtu wa pekee ajuaye ufunguo uliko.

Lakini tusiwalaumu wazee peke yao. Mkulima achumaye majani mabichi ili awalishe ng'ombe, punje zikiwa hazijajaa bado, hupunguza mavuno yake mwenyewe. Ndivyo lifanyavyo baraza limwambialo mwalimu mzee, "Pumzika sasa, baba," kabla hajaketi hata siku moja na yule amfuataye. Kisha mwaka wa pili twaulizana mbona hakuna ajuaye.

Wala tusiuvuke mpaka wa mfano huu. Isaya alinena juu ya dhambi zetu zituchukuazo kama upepo, na jani la mahindi halina dhambi wala hiari. Wala hatuhesabiwi haki kwa yale tutakayowaachia wengine. Yuko mjane asiye na mtoto, hajui kusoma, amelala kitandani miaka mitatu asiweze kumpa mtu kitu. Huyo ni wa Bwana kwa ubatizo wake, si kwa mavuno yake. Akituuliza, "Mimi nafaa nini tena?" tusimjibu kwa habari za mahindi. Tumpelekee Chakula cha Bwana, tuketi naye.

Jambo moja tena twaliona katika jani. Si yote yatokayo. Kalisi iliyomo hukaa mumo humo, ikaanguka pamoja nalo. Kuna magomvi ya mashamba na ya posa za zamani ambayo vijana wetu hawajayasikia bado, na wazee wetu hawana deni la kuwarithisha hayo.

Basi twawaomba waalimu wa kila mtaa, kabla ya mavuno yajayo, waende kwa mzee mmoja wakiwa na daftari, pamoja na kijana mmoja mwenye sikio jema. Waanze na sauti za nyimbo, kwa maana kifua cha mzee huchoka kabla ya kumbukumbu yake. Majina na mipaka yaweza kungoja mpaka jioni ya pili.