Saa Iliyookolewa Jikoni ni ya Nani?

Tumeulizwa na akina mama wachache wanaokaa Bwejuu, wengine waalimu, wengine wafanyakazi wa hoteli, swali ambalo mtu aweza kuliona dogo mno kwa gazeti la mtaa wetu. Wauliza: je, inafaa kununua ile presha kuka ya umeme yenye vifungo vingi, isemwayo kwamba hupika wali, huchemsha maharage, hukaanga, huoka keki, na hata hugandisha maziwa? Au mtu abaki na jiko lake la mkaa na mafiga yake? Mmoja wao aliongeza kwamba mumewe amemwambia, "Ukishanunua hiyo, utakuwa na kazi gani tena humu ndani?" Neno hilo la mwisho ndilo lililotufanya tuone kwamba swali si dogo hata kidogo.

Tuanze na fedha. Yule mtu wa katika Injili aliyetaka kujenga mnara alipaswa kuketi kwanza apige hesabu, nasi tuketi. Tuseme chombo chenyewe ni shilingi 200,000. Kwa mwenye mshahara, ni sehemu ya mshahara, atajibana mwezi mmoja au miwili. Kwa jirani yake anayelima mwani ni jambo jingine. Tuseme anauza mwani mkavu kwa shilingi 1,000 kilo. Atahitaji kilo 200. Na kwa kuwa kilo moja ya mwani mkavu hutoka katika kilo saba au nane za mwani mbichi, ni kama tani moja na nusu atakayoitoa majini kwa mikono yake, siku za bamvu, mgongo umeinama na jua li utosini. Kilimo hiki kilianza upande wetu wa mashariki, Paje, Jambiani na Bwejuu, mwishoni mwa miaka ya 1980, na walioshikamana nacho ni wanawake. Wengi wao walipata kwa mwani fedha ya kwanza iliyo yao wenyewe, wakanunua vyombo, nguo, na sare za watoto wa skuli. Siku hizi hata aina ile yenye bei nzuri zaidi, iitwayo cottonii, imekuwa ikifa kwa sababu maji ya bahari yamezidi joto. Fedha iliyopatikana hivi haipasi kutolewa kwa ajili ya picha ya keki iliyochorwa juu ya boksi.

Lakini haifuati kwamba haipasi kutolewa kabisa. Wako watu ambao kila mwanamke akitaka kupumzika kidogo humwambia habari za anasa, nao wenyewe hawajapuliza moto wa makumbi mabichi hata siku moja. Hao tusiwasikilize. Tutazame chombo chenyewe kinafanya nini.

Siri yake si mpya. Mfaransa mmoja, Denis Papin, alionyesha chungu cha namna hii huko London mwaka 1679, akalainisha kwacho mifupa migumu. Maji katika sufuria iliyo wazi hayapiti nyuzi 100 za joto, hata ukichochea kuni za msitu mzima. Yatageuka mvuke tu na kwenda zake. Mvuke huo ukifungiwa, maji hupanda yakakaribia nyuzi 120, na kitu kilichohitaji saa tatu huiva kwa muda mfupi sana. Ile ya umeme ina faida nyingine: ikishafika joto lake hujikata yenyewe, ikipoa huwaka tena. Ndiyo sababu, ingawa imeandikwa wati 1,000, maharage ya nyumba nzima huiva bila kumaliza uniti moja ya umeme. Mwenye nyumba na alinganishe hiyo uniti moja na mkaa anaonunua kwa siku ya maharage; hesabu hiyo kila mmoja aweza kuifanya kwa bei za dukani kwake.

Basi swali la kwanza ni hili: nyumbani kwenu mnapika nini? Kama ni maharage, mbaazi, choroko, boko boko, miguu ya ng'ombe, chombo kitafanya kazi. Na pweza! Watu wa Bwejuu wanajua pweza anavyopigwa juu ya jiwe mpaka mkono unakufa ganzi, kisha achemshwe muda mrefu, na bado akaja mgeni akasema amekuwa mpira. Katika presha pweza hana ujanja. Lakini kama nyumba ni ya samaki wa kukaanga, muhogo na wali, kifungo kimoja tu ndicho kitakachobonyezwa, navyo vingine vitakaa kama madirisha yaliyopakwa rangi ukutani. Twaona ni afadhali mtu ahesabu vyakula alivyopika mwezi uliopita kuliko vifungo vilivyo mbele ya chombo. Kuhusu keki, tumeionja. Inaliwa.

Tena kuna moshi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi wa majikoni uliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020, na wanaouvuta zaidi ni mama na watoto walio miguuni pake. Kuni nazo hazitoki mbinguni. Huku kwetu hukatwa katika uwanda wa mawe, na watu wamekuwa wakikata hata mikoko, jambo lililo mojawapo ya sababu za kuhifadhi Jozani na Ghuba ya Chwaka kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2004. Serikali ya Muungano ilitoa mwezi Mei 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, ikitaka watu 80 katika kila mia waifikie hadi mwaka 2034. Ni vema. Ila mkakati haununui sufuria, na haumlipii mtu uniti.

Sasa upande wa pili. Chombo chenye kazi kumi kikiharibika, kazi kumi zimesimama siku moja. Sufuria ikitoboka, mbuzi ya nazi bado inakuna. Mchi ukivunjika, kinu kinangoja mwingine. Lakini presha ikichakaa ule mpira wa kifuniko, haifungi, na isipofunga si kitu. Hewa ya pwani ina chumvi, hula kila chenye waya. Umeme nao hupanda na kushuka. Hakuna Mzanzibari mtu mzima aliyesahau mwaka 2008, tulipokosa umeme karibu mwezi mzima, wala ile giza ya tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, karibu miezi mitatu. Waya mpya kutoka bara ulipatikana mwaka 2013, na hali imekuwa nyingine. Hata hivyo anayenunua chombo cha umeme asitupe jiko la mkaa. Na kabla ya kulipa amwulize muuzaji wa Darajani maswali mawili: mpira wa kifuniko hiki nitaupata wapi, na fundi wake ni nani? Muuzaji akianza kusifu rangi ya chombo, jibu limekwisha kupatikana.

Kuna na blenda ya kazi nyingi, yenye visu vya kusaga, kukata, kukuna na kukanda unga. Hiyo hatuipendelei sana, isipokuwa kwa anayefanya biashara ya vitumbua au mkate wa kumimina, ambaye husaga mchele kila alfajiri. Kwake ni chombo cha kazi kama nyundo kwa seremala. Kwa nyumba ya kawaida kazi kubwa ni nazi. Na kwa nazi, mashine moja ya kukunia iliyowekwa mahali pamoja, watu wakapeleka nazi zao kwa fedha kidogo kama wafanyavyo masokoni mjini, yaweza kuhudumia nyumba thelathini. Kwa nini nyumba thelathini zinunue visu thelathini, vya kuoshwa kila siku na kupata kutu? Wazee wetu hawakuwa na kinu kila nyumba. Kinu kiliazimwa, na kikirudi kilirudi na unga kidogo ndani yake, au na habari ya nani amejifungua. Mwezi wa Ramadhani sahani za futari hutoka nyumba za majirani zetu Waislamu zikaja kwetu, nasi Krismasi tukarudisha. Masufuria makubwa ya shughuli hayaulizi mwenyewe anasali wapi. Chombo cha umeme hukaa ndani, karibu na soketi, na mlango umefungwa. Hilo si kosa lake, lakini lifikiriwe.

Turudi kwa yule mume na neno lake, maana hapo ndipo penye jambo zito. Mwanahistoria wa Marekani, Ruth Schwartz Cowan, alitoa kitabu mwaka 1983 juu ya mashine za nyumbani katika nchi yake. Alionyesha kwamba mashine ziliingia nyingi, wala mama hakupumzika. Jiko jipya lilipokuja, baba hakuhitaji tena kupasua kuni, wala mtoto kuzibeba. Mapishi yakabaki ya mama, tena yakaongezeka, kwa kuwa sasa watu walitaka vyakula vya namna namna. Mashine ya kufulia ikaja, nguo zikafuliwa mara nyingi zaidi. Kazi iliyookolewa ilikuwa ya wengine.

Hilo laweza kutokea Bwejuu pia. Mama anabonyeza kifungo, anapata saa mbili. Nani mwenye saa hizo? Mume aweza kuona kwamba ni zake, ampe mkewe kazi nyingine, au aone kwamba mkewe sasa hafanyi kitu na kwa hiyo hastahili shukrani. Wakwe waweza kuona ni zao. Hoteli yaweza kuzichukua kwa zamu ndefu zaidi. Sisi twaona kwamba saa iliyookolewa ni ya yule aliyekuwa akiitumia. Kama alikuwa mama akipuliza moto, ni ya mama: alale, asome, akae barazani na wenzake, aende shamba lake la mwani kama apenda. Kama alikuwa binti wa miaka kumi na miwili akikuna nazi wakati kaka yake yuko uwanjani anacheza mpira, ni ya binti, apate kufungua daftari lake. Mwenye nyumba asiyekubali hayo atakuwa hakununua chombo cha kumpumzisha mtu. Amenunua mfanyakazi wa pili na kumwacha wa kwanza palepale. Na ni rahisi kumlaumu Martha kwa mtu aliyekwisha kula.

Kwa hiyo twawashauri wale akina mama walioandika wasikate shauri peke yao dukani, wala mume asilete chombo kama zawadi ya kushtukiza. Waketi nyumbani, na wale wanaopika wawe wa kwanza kusema ni kazi gani inayowachosha zaidi. Pengine watasikia kwamba si maharage hata kidogo, ni kuteka maji. Hapo zile 200,000 zaanza safari nyingine, kwenye pipa na mpira wa maji. Na yule mume aulizwe, kwa adabu, ni siku gani za juma yeye atabonyeza kifungo. Chombo hakichagui mkono, na maagizo yake yanasomeka na yeyote aliyepita skuli.

Habari ya mashine ya kukunia nazi ya pamoja, twasikia kikundi kimoja cha upatu kimekwisha kuizungumza. Kinachobishaniwa sasa ni ikae nyumbani kwa nani, na nani alipe umeme wake.