Kichwa cha Ng'ombe, Mdomo wa Mtu

Kwa Kichina husemi tu "ng'ombe watatu". Kati ya namba na mnyama lazima liwepo neno la kuhesabia. Ng'ombe huhesabiwa kwa tou, yaani kichwa. Nyoka na samaki kwa tiao, neno la vitu virefu. Paka na ndege kwa zhi. Watu wa familia huhesabiwa kwa kou, mdomo, na nguruwe pia huweza kuhesabiwa hivyo hivyo.

Je, mtu ameshushwa hapo? Sidhani. Imekumbukwa tu kwamba wote wanakula. Sisi nasi ng'ombe tumempa ngeli ya A-WA, sawa na binadamu, halafu tunamchinja vilevile. Sarufi inatuambia huyu ni kiumbe mwenzetu. Namna ya kumtendea, hiyo ni juu yetu.